Kipenzi cha Baba: Maneno ya Kiingereza ya Upendeleo wa Wazazi na Yalikotoka

Miongoni mwa vitenzi ambavyo mwalimu wa tafsiri hukutana navyo kila muhula, "kupendelea" kina taabu ya pekee. Umbo lake ni jepesi kwa yeyote aliyekwisha kusoma mnyambuliko: kutoka "penda" twapata "pendea", kisha kauli ile ile ya kutendea yarudiwa, tukapata "pendelea". Urudiaji huo ndio uliobeba maana. Upendo umeongezwa mpaka ukamwinamia mtu mmoja, na wenzake wakabaki nje. Mswahili asemapo, "Wazazi wale wanampendelea Hamisi," hana haja ya kuongeza "kuliko nduguze". Ndugu wamo tayari ndani ya kitenzi, wamesimama wakitazama.

Mpe mwanafunzi sentensi hiyo aigeuze kuwa Kiingereza. Aghalabu ataandika kwamba wazazi wale "prefer Hamisi". Neno limo katika kamusi, wala sarufi haikuvunjika, ila Mwingereza akiisoma atadhani sentensi imekatwa kabla ya kwisha, au kwamba wazazi wale walikuwa dukani wakichagua kitambaa. Mwanafunzi wa pili ataandika "love Hamisi too much", na hapo nduguze Hamisi wametoweka kabisa. Hiyo ni lawama ya kupenda kupita kiasi, nasi tulitaka lawama ya kupenda kwa ubaguzi. Wa tatu, ambaye amekaa sana na kamusi, ataandika "spoil Hamisi", naye amemtia mtoto doa ambalo sentensi ya Kiswahili haikumtia. Yamkini Hamisi ni kijana mwema asiye na kosa lolote ila kuzaliwa.

Kiingereza hakina upungufu wa maneno katika jambo hili, kinayo tele. Shida ni kwamba hayakutoka mahali pamoja. Mengine yametoka katika majumba ya wafalme, mengine zizini, moja limetoka katika kiota cha kuku, na jingine vitani. Kila moja limebeba vumbi la lilikotoka, na vumbi hilo humwangukia mtu tofauti: pengine mzazi, pengine mtoto, pengine yule aliyeachwa. Ndiyo sababu nimeona yafaa tuitazame historia hiyo, angalau kwa kupitia, kabla hatujawapa wanafunzi wetu orodha ya visawe.

Tuanze ikulu. Neno "favour" asili yake ni Kilatini. Lilipita katika Kifaransa cha kale likaingia Kiingereza karibu na mwaka 1300, maana yake ikiwa ni fadhila ya mkubwa kwa mdogo. Nomino yake, "favourite", ilichelewa sana. Ilifika mwishoni mwa karne ya 16 kutoka kwa Wafaransa, nao waliikopa kwa Wataliano. Haikuwa nomino ya nyumbani. "Favourite" alikuwa mtu wa mfalme, yule aliyeingia chumbani bila kubisha hodi na kutoka na cheo. George Villiers alipanda hivyo chini ya James I mpaka akawa Duke wa Buckingham, na mwaka 1628 akachomwa kisu mjini Portsmouth. Waandishi wa historia wakarudi nyuma wakampa jina hilo hilo Piers Gaveston, swahiba wa Edward II, ambaye makabaila walimwua mwaka 1312, karne nyingi kabla neno lenyewe halijawafikia Waingereza. Neno lilipohamia katika nyumba za watu wa kawaida lilikuja na harufu ya baraza: fadhila itokayo juu, wivu wa walio chini, na hatari inayomngoja huyo anayefadhiliwa.

Wala haikuwa vigumu neno kuhama, maana katika ukoo wa kifalme baraza na nyumba ni kitu kimoja. Hakuna kisa kinachoonyesha hayo kuliko kile cha Henry II, aliyetawala Uingereza na sehemu kubwa ya Ufaransa kuanzia 1154. Wana wake waliofikia utu uzima walikuwa wanne: Henry, Richard, Geoffrey na John. Mkubwa alitawazwa mwaka 1170 baba angali hai, akaitwa mfalme bila kupewa hata kipande cha nchi cha kutawala. Mdogo, John, hakuwa na fungu la urithi, akabandikwa jina la utani la "asiye na ardhi". Basi mwaka 1173 baba alipokuwa akimposea John, akaahidi kumpa ngome tatu, Chinon, Loudun na Mirebeau, zilizohesabiwa kuwa katika fungu la mkubwa. Kijana Henry akatoroka usiku akaenda kwa mfalme wa Ufaransa. Richard na Geoffrey wakamfuata. Mama yao, Eleanor, ambaye moyo wake ulikuwa kwa Richard, alikuwa upande wa wanawe. Alikamatwa, akafungwa mpaka mumewe alipokufa. Vita vile viliendelea hadi mwaka 1174, na ngome tatu za harusi ya mtoto mdogo zilikuwa cheche iliyowasha moto.

Mwandishi mmoja wa zama zile, Gerald wa Wales, anasimulia habari za picha iliyochorwa kwa amri ya Henry katika chumba kimoja huko Winchester. Ilikuwa picha ya tai na makinda wanne: watatu wakimparura baba yao kwa makucha na midomo, na wa nne, mdogo kuliko wote, ametua shingoni akingojea nafasi ya kumdonoa macho. Mfalme alipoulizwa maana yake, alisema kuwa makinda ni wanawe, na kwamba huyo mdogo ampendaye kuliko wote ndiye atakayemwumiza kuliko wote. Mwaka 1189 Richard alimshambulia baba yake akishirikiana na mfalme wa Ufaransa. Henry, mgonjwa na aliyeshindwa, aliomba asomewe majina ya walioasi, na jina la kwanza likawa la John. Akafa Chinon mwezi Julai mwaka huo huo.

Gerald aliandika kwa Kilatini, na mfalme mwenyewe alizungumza Kifaransa. Kiingereza wakati huo kilikuwa lugha ya mashambani na jikoni. Lakini leo kitabu chochote cha historia cha Kiingereza kikisimulia kisa hiki kitasema John alikuwa "his father's favourite", na sioni namna iliyo bora. Iangalieni sentensi hiyo. Haisemi John alifanya nini. Haisemi hata kwamba baba alikosea. Yasema tu kwamba moyo wa baba ulikuwa na mahali pake, na kila aliyekuwa karibu alipajua. Kwa tafsiri ya "Wazazi wale wanampendelea Hamisi", Kiingereza cha kawaida ni "Hamisi is their favourite", na kama twataka lawama ionekane zaidi, twaweza kukirudia kitenzi: "they favour him over the others". Hao "others" ni lazima watajwe, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza hakiwabebi ndani yake kama chetu kinavyowabeba.

Jambo moja zaidi kabla hatujatoka ikulu. Kwa karne nyingi sheria ya Uingereza ilimpa mwana wa kwanza wa kiume ardhi yote, baba akifa bila wasia. Katika baadhi ya miji na vijiji kulikuwa na desturi iliyoitwa "Borough English", ambayo kwayo ardhi ilimwendea mwana wa mwisho. Yote mawili yalifutwa na sheria ya mwaka 1925, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa 1926. Dhuluma waliyoipata ndugu wengine ilikuwa kubwa kuliko ya mtoto aliyenyimwa busu, lakini Waingereza hawakuiita "favouritism". Nomino hiyo, iliyozuka katika karne ya 18, yahitaji moyo uliochagua. Pale sheria ilipochagua, mzazi hakuhesabiwa kuwa amependelea. Tofauti hiyo tutaihitaji mbele.

Sasa tushuke zizini. Neno "pet", ambalo wanafunzi wetu wanalijua kwa maana ya paka au mbwa wa nyumbani, lilianza Scotland na kaskazini mwa Uingereza mapema katika karne ya 16. Wakati huo lilikuwa na maana mbili zilizokwenda pamoja: mtoto anayeengwaengwa, na mwanakondoo anayelelewa kwa mkono. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alilieleza kwa huyo mwanakondoo aliyeingizwa nyumbani. Yeyote aliyefuga ataelewa. Kondoo hufa akizaa, au hukikataa kitoto chake. Mke wa mchungaji hukichukua, hukiweka karibu na moto, hukinywesha maziwa. Kikipona hakitaki tena kundi, humfuata mtu mlangoni. Neno "cosset" lina historia ya namna hiyo hiyo. Edmund Spenser alilitumia mwaka 1579 kwa mwanakondoo aliyelelewa nyumbani, na karne iliyofuata likawa kitenzi chenye maana ya kuenga na kudekeza. Maneno haya mawili hayana ukali. Ndani yake mna huruma, kwa kuwa mwanakondoo yule aliingizwa ndani kwa udhaifu wake. Ikiwa Hamisi alizaliwa mgonjwa na mama akawa na mkono mwepesi kwake, hapo ndipo mahali pa "cosset". Lakini "pet" limepoteza upole wake likitumiwa kwa mtoto: "teacher's pet" ni tusi la watoto wa shule, nasi walimu tunalijua vyema kuliko wengine.

Kiota cha kuku ndicho kinachonifurahisha zaidi. Kila mtu amesikia kwamba "Cockney" ni mwenyeji wa mitaa ya London yenye lafudhi yake maalumu. Wachache wajua kuwa neno hilo hapo kale lilikuwa na maana ya yai la jogoo, yaani yai dogo lenye kasoro ambalo watu walidhani limetagwa na jogoo. William Langland, katika karne ya 14, alilitumia kwa mayai. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, amweka kijana mmoja mwanachuo akihofu kuitwa kwa jina hilo, na hapo maana imekwisha kuwa mtoto laini, kipenzi cha mama, asiyejiweza. Kisha watu wa mashamba wakawatupia wakazi wa miji, ambao kwao walionekana wote kuwa watoto wa namna hiyo, na kufikia mwaka 1600 hivi jina likaishia kwa watu wa London. Asili ilipokwisha kusahaulika, watu walibuni hadithi. John Minsheu, mwaka 1617, alieleza kwamba mtoto wa mjini alisikia farasi akilia, na baadaye, aliposikia jogoo, akauliza kama jogoo naye analia kama farasi. Hadithi ya kuchekesha, wala si kweli. Sisi tusemao kwamba mtoto fulani "analelewa kama yai" hatukuhitaji jogoo. Twalichukua yai kwa wepesi wake wa kuvunjika. Wao walilichukua kwa ulemavu wake. Yai ni lile lile, lakini kwetu lawama ni ya mikono inayolishika, na kwao ilikuwa ya yai lenyewe.

Kuhusu neno la vitani niseme kwa ufupi. "Spoil" latokana na kitenzi cha Kilatini cha kuvua na kupora, kama askari wanavyomvua silaha adui aliyeanguka. Matumizi yake kwa mtoto yalianza katikati ya karne ya 17. Mtoto aliyeharibiwa kwa kuendekezwa ni kama mtu aliyeporwa: kitu chema alichokuwa nacho kimechukuliwa. Wazo hilo si geni kwetu, tuliorithishwa kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini neno lamsema mtoto vibaya, na halisemi chochote juu ya nduguze. Wazazi waweza kuwaharibu watoto wao wote sita kwa usawa kamili. Vivyo hivyo "dote on", ambalo katika karne ya 13 lilikuwa na maana ya kupumbaa, na ambalo hata leo ni ndugu wa neno la upungufu wa akili wa uzeeni. Hilo humfaa babu na mjukuu wake, na mzazi aliyepata mwana akiwa mzee.

Na hapo twafika kwa Yakobo na Yusufu, kisa ambacho Waislamu na Wakristo kwetu wanakijua sawasawa. Kurani ina sura nzima yenye jina la Yusufu, na ndani yake ndugu wanalalamika kwamba Yusufu na nduguye wanapendwa na baba kuliko wao. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia hayo na kuongeza vazi. William Tyndale, aliyeifasiri Torati kwa Kiingereza mwaka 1530, alilifanya kuwa vazi la rangi nyingi, akifuata njia ya wafasiri wa kale wa Kigiriki na Kilatini, na tafsiri ya mwaka 1611 ikadumisha rangi hizo. Maneno ya Kiebrania yana utata, na wataalamu wengi wa baadaye wameona lilikuwa joho refu lenye mikono. Hivyo ndivyo ilivyo katika tafsiri moja mashuhuri ya Marekani ya mwaka 1952, na Biblia ya Kiswahili nayo yasema kanzu ndefu. Ndiyo sababu Mwingereza akitaja vazi la rangi nyingi husikilizwa kwa kuelewa, ilhali mwanafunzi wetu aliyesoma kisa kile kile kwa Kiswahili hatambui kinachotajwa.

Lakini linalonivuta zaidi ni kitenzi. Wafasiri wale wa Kiingereza, waliokuwa na baadhi ya maneno tuliyoyataja mikononi mwao, hawakutumia hata moja. Walitumia kitenzi "love" na neno la kulinganisha, basi. Kadhalika kwa Isaka aliyempenda Esau na Rebeka aliyempenda Yakobo: kitenzi ni kimoja, na upendeleo wajulikana kwa kuwekwa majina mawili kandokando. Hii ni namna ya Kiingereza safi kabisa ambayo vitabu vyetu vya mazoezi huisahau. "She loved Hamisi best" ni sentensi ya maneno manne, mtoto wa miaka saba aielewa, na inauma kuliko "favouritism".

Kuna pia mboni. Waingereza humwita mtoto mpendwa "apple of the eye", na mwanafunzi hushangaa tunda limefikaje jichoni. Tangu enzi za mfalme Alfred, mwishoni mwa karne ya 9, Waingereza waliiita mboni kwa jina la tunda hilo, kwa umbo lake la duara. Waebrania waliiita mtu mdogo wa jicho, na Warumi waliiita kitoto cha kike, kwa sababu ukimtazama mtu machoni kwa karibu wajiona humo ukiwa mdogo. Kiswahili chasema mboni, neno la ukoo mmoja na kuona. Tafsiri hapa ni ya moja kwa moja, mradi mwanafunzi asiandike "pupil", ambalo litamfanya mtoto kuwa mwanafunzi wa jicho.

Riwaya za karne ya 19 zililikalisha neno "favourite" sebuleni kwa kudumu. Katika "Pride and Prejudice" ya Jane Austen, iliyotoka mwaka 1813, mama anampendelea Lydia, binti mdogo, na baba anampendelea Elizabeth. Ayalandi ina msemo wake, "white-headed boy", kijana wa kichwa cheupe, uliotokana na lugha yao ya asili. Lennox Robinson aliufanya jina la mchezo wake ulioonyeshwa Dublin mwaka 1916: familia nzima ya mjane mmoja inajinyima ili Denis asome udaktari, naye anaanguka mitihani. Hayo ya Denis yangeweza kutokea Masaka au Mbale bila kubadili kitu ila majina.

Nayo yatokea. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda, ambako Kiingereza ni lugha ya ofisi na ya mahakama, huombwa mara kwa mara kumwandikia mtu maneno yake kwa Kiingereza: barua ya mtoto kwa wafadhili, maelezo kwa ofisi ya ustawi wa jamii, malalamiko ya urithi. Watu wetu wanayo maneno yao ya mpangilio wa watoto. Waganda wana "omuggulanda", aliyefungua tumbo, na "omuggalanda", aliyelifunga, sawasawa na kifungua mimba na kitinda mimba. Kiingereza chasema tu "the eldest" na "the youngest". Mtu akisema kuwa baba yake alikuwa na moyo kwa omuggalanda, asiandikiwe "spoilt"; huenda hakusema hivyo, na karani atakayeisoma hatamwuliza.

Mwaka 1997 elimu ya msingi bila ada ilipoanza nchini, mwanzoni ilikuwa kwa watoto wanne wa kila familia. Shule zilifurika: kutoka wanafunzi milioni 3 hivi mwaka 1996, wakazidi milioni 5 mwaka uliofuata. Baadaye kikomo cha wanne kiliondolewa. Lakini kabla ya hapo, katika nyumba zenye watoto saba au wanane, wazazi walikaa wakachagua. Serikali ilitoa idadi, mzazi akatoa majina. Watu wazima wa leo wanaikumbuka siku ile, na baadhi yao, wakitaka kuisimulia kwa Kiingereza, hutafuta neno la kumwekea baba aliyemwandikisha kaka na kumwacha dada.

Kamusi itawapa "favoured". Mimi ningewauliza kwanza: je, baba alikuwa akimpa kaka nyama iliyo bora hata kabla ya mwaka ule? Alimtetea akikosa? Kama ndiyo, basi "My brother was always my father's favourite", na neno "always" lisiachwe, kwa maana lawama yote iko humo. Kama sivyo, kama baba aliwapenda wote na nafasi ilikuwa moja, basi waandike "There was one place left, and my father gave it to my brother".